Uhamisho umetoka: familia ya mwanajeshi ikae kota au uraiani?

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu kwa ajili ya familia zetu zilizo ndani ya jeshi la Marekani, hasa zile ambazo msimu huu zimepata hati ya uhamisho au zinaisubiri. Sehemu kubwa ya uhamisho hufanyika kati ya Mei na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na kila mwaka katika miezi hiyo napigiwa simu na akina mama na akina baba wenye swali lilelile: tumeambiwa tunahamia mahali fulani, tumebakiwa na wiki chache, je, tuombe nyumba kambini au tupange nje? Mume wangu ni sajenti wa jeshi la nchi kavu. Tumehama mara nne, sasa tuna watoto watatu, na katika mara hizo nne, mbili tulichagua vibaya. Nitaandika kwa urefu, kwa kuwa nimeona watu wakiumia kwa sababu ya jibu la sentensi moja walilopewa na mtu mwenye nia njema.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: nyumba ya familia ya mwanajeshi ichaguliwe kwa kuzifikiria siku ambazo mwanajeshi hayupo. Wengi wetu huanza kwa kuuliza ni dakika ngapi kutoka mlangoni hadi getini, kisha tunauliza ni kiasi gani cha posho kitabaki mfukoni. Hayo ni maswali ya haki, lakini yote mawili humhusu zaidi yule anayeondoka asubuhi. Yeye atakwenda porini mazoezini wiki tatu, atashika zamu za usiku, na huenda akapelekwa ng'ambo miezi tisa. Atakayebaki na bili, na mtoto mwenye homa, na bomba lililopasuka, ni mwenza wake. Huyo ndiye mkaazi halisi wa nyumba hiyo.

Nilijifunza hili tulipokuwa jimbo la Washington, katika kituo cha Lewis-McChord. Barabara kuu ya I-5 hupita kando kabisa ya kituo, na foleni yake asubuhi na jioni inajulikana na kila aliyewahi kutumikia pale. Nyumba za DuPont na Lakewood ziko karibu na mageti, lakini tukavutiwa na nyumba kubwa upande wa Yelm, yenye bustani na kodi nafuu. Mume wangu alikubali kuamka mapema zaidi ili awahi mazoezi ya asubuhi, na mimi nikaona tumepata bahati. Mwezi wa tatu kikosi chake kikaenda mazoezini Yakima, ng'ambo ya milima ya Cascade. Usiku mmoja, saa nane, mtoto wetu wa pili, ambaye hapo hakuwa amefikisha mwaka, alipandwa na homa mpaka akaanza kutetemeka. Gari tuliloachiwa lilikuwa barazani, nami nilikuwa nimeshambeba mtoto ndani ya blanketi, huku mwenzake amesimama ameshika kiti cha gari cha mdogo wake kwa mikono miwili. Ndipo nilipokumbuka kwamba funguo zilikuwa kwenye mfuko wa koti la mume wangu, na koti lilikuwa Yakima. Majirani waliokuwa karibu sikuwajua hata kwa majina. Niliita gari la wagonjwa, likaja, mtoto akapona. Lakini zile dakika za kusubiri nimesimama dirishani ndizo zilizobadilisha namna ninavyoangalia nyumba. Tangu siku hiyo, kabla sijauliza kodi, nauliza: nikiwa peke yangu hapa saa nane usiku, nitamgongea nani mlango?

Sasa tuje kwenye posho, maana ndiyo inayozua makosa mengi. Posho ya nyumba, ambayo wote tunaiita BAH, hupangwa kwa mambo matatu: cheo, kuwa na wategemezi au kutokuwa nao, na eneo la kituo anachotumikia mwanajeshi. Idadi ya wategemezi haiongezi kitu. Mwenye mtoto mmoja na mwenye watano wa cheo kimoja katika kituo kimoja hupata sawa. Tena huhesabiwa kwa eneo la kituo, siyo mahali mlipopanga, na ndiyo maana watu hukimbilia miji ya mbali yenye kodi ndogo ili wabaki na tofauti. Haikatwi kodi ya mapato. Viwango vipya huanza kila tarehe 1 Januari, na vikishuka, aliye kituoni tayari hubaki na kiwango chake cha zamani maadamu cheo na hali ya wategemezi havijabadilika kwa namna ya kumshusha. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba posho hiyo haikusudiwi tena kulipia gharama yote. Kuanzia mwaka 2015 serikali ilianza kupunguza hatua kwa hatua, na tangu 2019 mwanajeshi hubeba kwa wastani asilimia 5 ya gharama ya nyumba. Pia ndani yake mmehesabiwa umeme, maji na joto la nyumba. Kwa hiyo mkipata nyumba ambayo kodi peke yake inalingana na posho yenu yote, mmeshaizidi posho kabla hata hamjawasha taa.

Kuhusu kota, nianze kwa kusema kwamba nyumba nyingi za familia zilizo ndani ya kambi haziendeshwi tena na jeshi lenyewe. Sheria iliyopitishwa kwa bajeti ya ulinzi ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi kuzijenga, kuzikarabati na kuzipangisha, na mpangaji mwanajeshi kwa kawaida hutoa posho yake ya nyumba kama kodi. Faida za kukaa ndani ni za kweli: geti lina ulinzi, majirani wanaelewa maana ya mume kuwa porini, kliniki iko karibu, watoto hucheza na watoto wanaohama kama wao. Kwa mama anayeachwa peke yake mara ya kwanza katika nchi ngeni, faida hizo ni kubwa kuliko chumba cha ziada, na kama ningeweza kurudi nyuma, pale Lewis-McChord tungeomba kota siku ya kwanza.

Lakini msiingie kota mkiwa mmefumba macho. Mwaka 2018 waandishi wa habari walifichua nyumba za kambini zenye ukungu, wadudu na rangi yenye madini ya risasi, wake wa wanajeshi wakaenda kutoa ushahidi mbele ya Seneti Februari 2019, na matokeo yake ni haki 18 za mpangaji zilizotokana na sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha 2020. Katika hizo, ninayoipenda kuliko zote ni haki ya kuonyeshwa, kabla hujatia saini, rekodi ya matengenezo ya nyumba kwa miaka 7 iliyopita. Katika kituo ambacho sitakitaja, tulionyeshwa nyumba iliyonukia rangi mpya bafuni. Niliinama, nikabonyeza kwa kidole ubao wa chini ya ukuta, karibu na beseni la kuogea. Kidole kilizama. Ubao ulikuwa umelowa mpaka umekuwa kama mkate uliotiwa kwenye chai, na rangi mpya imetandazwa juu yake. Niliomba rekodi, na ndani yake mlikuwa na maombi manne ya kurekebisha uvujaji wa bomba lilelile. Tukapewa nyumba nyingine mtaa wa pili. Nisingeliomba karatasi hiyo, wanangu wangelala pale. Basi ombeni rekodi kwa maandishi, na mkikabidhiwa nyumba pigeni picha za kila ukuta na kila dari siku hiyo hiyo, kabla lori la mizigo halijashusha.

Orodha ya kusubiri kota pia ina mambo yake. Katika vituo vingine hupita wiki, katika vingine miezi mingi, na hutegemea cheo na idadi ya vyumba mnavyostahili. Pigeni simu ofisi ya nyumba ya kituo mnachokwenda mara tu hati inapotoka, siyo mkishafika. Ofisi hiyo hiyo huwasaidia hata wanaotaka kupanga nje: hukagua mikataba, na huwajua wenye nyumba wanaolalamikiwa. Mwanajeshi anaweza kuomba ruhusa ya kwenda kutafuta nyumba, mpaka siku 10, bila kukatwa likizo yake, kamanda akiidhinisha. Itumieni. Kupanga nyumba kwa kuangalia picha tu kwenye intaneti ndiko kunakowanufaisha matapeli, ambao hupenda sana familia za wanajeshi kwa kuwa wanajua zina haraka na zina kipato cha uhakika. Yeyote anayedai dhamana kabla hujaiona nyumba, wewe au mtu unayemwamini, achana naye.

Kwa wanaopanga uraiani, kinga yenu kubwa ni sheria ya shirikisho ya mwaka 2003 inayowalinda wanajeshi katika mikataba na madeni. Mwanajeshi akipata hati ya uhamisho, au akipelekwa kazini mbali kwa siku 90 au zaidi, anaweza kuvunja mkataba wa kupanga bila kutozwa faini ya kuondoka mapema. Anatoa taarifa kwa maandishi pamoja na nakala ya hati, na mkataba hukoma siku 30 baada ya tarehe inayofuata ya kulipa kodi. Kwa mfano, taarifa ikifika kwa mwenye nyumba Juni 10 na kodi hulipwa tarehe 1 ya kila mwezi, basi siku 30 huhesabiwa kuanzia Julai 1, na mkataba unakwisha Julai 31. Mwenye nyumba wetu mmoja alidai miezi miwili ya ziada kwa sababu mkataba wake ulikuwa na kifungu cha faini. Tulimwandikia barua ya nusu ukurasa yenye tarehe, tukaambatanisha hati, na tukapeleka nakala ofisi ya sheria ya kituo, ambayo huwahudumia wanajeshi na familia zao bila malipo. Hakudai tena. Angalizo moja: mkataba wa nyumba husainiwa na watu wazima wawili mara nyingi, na sheria hiyo humfungua mwenza pia, lakini msitegemee kumbukumbu ya kichwa, tunzeni nakala ya kila barua. Na kama nyumba imejengwa kabla ya 1978, mwenye nyumba analazimika kuwapa taarifa anazozijua kuhusu rangi yenye risasi. Wenye watoto wanaotambaa wasilipite hilo.

Shule ndiyo inayoamua mtaa kwa familia nyingi, na hapa kuna jambo ambalo hugundulika wakati mkataba umeshasainiwa. Baadhi ya vituo ndani ya Marekani, kama Fort Campbell na Fort Bragg, vina shule zinazoendeshwa na Wizara ya Ulinzi yenyewe, na kwa kawaida mtoto husoma huko kama familia inakaa ndani ya kituo. Fort Campbell iko mpakani mwa Tennessee na Kentucky: ukipanga Clarksville, upande wa Tennessee, watoto wataenda shule za kaunti ile. Ukipanga Oak Grove au Hopkinsville, upande wa Kentucky, wataingia katika mfumo wa jimbo lingine kabisa, ingawa baba yao anaingia kambi ileile. Umbali wa dakika chache unabadilisha mtaala, kalenda na masharti ya kuhitimu. Kuna makubaliano baina ya majimbo yote 50 yanayomlinda mtoto wa mwanajeshi anayehamia shule ya umma: anapokelewa kwa nakala za rekodi mlizobeba mkononi, anapewa siku 30 za kukamilisha chanjo zinazodaiwa na jimbo jipya, na anaendelea na darasa alilokuwamo. Kila kituo kina afisa anayeshughulikia mambo ya shule kwa familia. Mpigieni kabla ya kumpigia dalali. Binti yetu mkubwa aliingia darasani siku ya pili baada ya kufika kwa sababu tulisafiri na bahasha yake ndani ya gari, wakati makabati na vitanda vyetu vilikuwa bado vimekwama njiani kwa wiki tatu.

Mwenye mtoto au mwenza mgonjwa aongeze hatua moja: hakikisheni mmeandikishwa katika programu ya wanafamilia wenye mahitaji maalumu kabla ya uhamisho, ili wakubwa waangalie kama huduma zipo huko mnakopelekwa. Na kwa Tricare Prime, bima ya afya ya jeshi, daktari wa kawaida anatakiwa awe ndani ya dakika 30 za kuendesha gari, na bingwa ndani ya saa moja. Pimeni nyumba kwa kipimo hicho.

Halafu kuna kazi ya mwenza, jambo linalosahaulika hadi siku ya kulipa bili. Mimi ni muuguzi. Zamani kila jimbo lilinirudisha mwanzo. Tangu Januari 2023 sheria ya shirikisho inataka leseni ya taaluma ya mwenza wa mwanajeshi itambulike katika jimbo analohamia kwa sababu ya uhamisho, isipokuwa leseni ya uwakili. Hata hivyo leseni haiendeshi gari: kama hospitali ziko upande mmoja wa kambi na nyumba mmeipanga upande wa pili, na kituo cha kulelea watoto kinafungwa jioni kabla zamu yako haijaisha, utaacha kazi ndani ya miezi miwili. Orodha ya kusubiri malezi ya watoto ya jeshi jiandikisheni mapema, ikibidi siku hiyo hiyo mnayopata hati.

Naomba wenye uzoefu wa vituo vingine waongeze, na wenye hoja tofauti waseme bila kunionea haya.

Jibu la 1, kutoka kwa mke wa baharia

Dada, asante sana. Mume wangu ni wa jeshi la majini na tumepewa Norfolk, Virginia, kwa miaka mitatu. Tumechoka kulipa kodi isiyotuachia kitu, na marafiki wote wanatuambia tununue kwa mkopo wa VA, yaani ule unaodhaminiwa na idara ya serikali ya maveterani, kwa kuwa hautaki malipo ya awali. Tumeona nyumba nzuri ng'ambo, upande wa Hampton, ya dola 300,000. Yeye atakuwa melini muda mrefu. Je, tununue? Na je, hoja yako ya kumfikiria anayebaki inabadilika kama ni nyumba ya kwenu wenyewe?

Jibu la 2, kutoka kwa sajenti mstaafu

Binti yangu uliyefungua uzi, umesema vizuri, lakini naomba nikupinge mahali pamoja. Nilitumikia miaka 22, nikapita Fort Hood, Fort Drum na Fort Wainwright, na nimeona familia zilizokaa kambini zikashindwa kupumua. Ukikaa kota, ugomvi mdogo wa watoto unafika kwa kamanda wa mumeo kabla ya chakula cha jioni. Mke wangu, Mungu amweke, alinyauka kule ndani. Tulipopanga mjini akapata rafiki asiyejua cheo changu, na akapona. Kwa hiyo usidhani mwenza anayebaki daima anahitaji geti na ukuta. Mwingine anahitaji kutoka nje yake.

Pia msisahau hali ya hewa. Fort Drum, jirani na Watertown, hupokea theluji inayoletwa na ziwa Ontario, na inaweza kuanguka usiku mmoja mpaka mlango haufunguki. Fairbanks, penye Fort Wainwright, baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri, na injini ya gari huunganishwa na umeme usiku ili iwake asubuhi. Ukiwa huko uliza kwanza nani anasafisha barabara ya mtaa na kama pana soketi ya nje ya kuchomeka gari. Bustani utaiuliza baadaye.

Jibu la mwenye uzi

Shikamoo mzee. Nimeyapokea, na kwa kweli hujanipinga bali umenisahihisha. Niliandika kana kwamba kila anayebaki anafanana nami. Mama aliyefanya kazi uraiani miaka yote, mwenye gari lake na marafiki zake, anaweza kuumia kota zaidi kuliko alivyoumia Yelm mwenye uzi huu. Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, mwanajeshi akae chini na mwenzake amuulize: mara ya mwisho nilipokuwa mbali, ni nini kilikuchosha kuliko vyote? Kama ni upweke, hiyo ni hoja ya kota au mtaa wenye familia nyingi za jeshi. Kama ni kuonekana na kujulikana na kila mtu, tokeni. Kama ni safari ya kwenda kazini, chora duara kuzunguka kazi yake, siyo kuzunguka kambi. Na suala la soketi ya gari naliongeza kwenye daftari langu leo hii.

Mdogo wangu wa Norfolk, nitakujibu kwa hesabu kwanza, kisha kwa maji.

Mkopo wa VA ni haki nzuri iliyoanza mwaka 1944, na ni kweli unaweza kununua bila malipo ya awali. Lakini una ada. Kwa anayeutumia mara ya kwanza bila kuweka chochote, ada ni asilimia 2.15, ambayo kwa dola 300,000 ni dola 6,450, na wengi huiongeza ndani ya deni. Wanaolipwa fidia ya ulemavu unaotokana na utumishi husamehewa. Sasa chukua mfano wa deni la dola 300,000 kwa riba ya asilimia 6, miaka 30, ukiiacha ada hiyo kando. Malipo ya mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na bima, ni kama dola 1,799. Baada ya miezi 36 utakuwa umelipa karibu dola 64,750, na katika hizo ni kama dola 11,750 tu zitakazokuwa zimepunguza deni lenyewe. Zilizobaki ni riba. Uhamisho ukitoka ukauza, na gharama za kuuza zikafika asilimia 5, hizo ni dola 15,000. Maana yake, bei ya nyumba isipopanda, utalipa ili uruhusiwe kuondoka. Bei ikipanda utashukuru, lakini hakuna anayeweza kukuahidi hilo, na aliyekwambia itapanda pengine ndiye anayekuuzia.

Wengine husema, tukihama tutaipangisha. Inawezekana, na wapo waliojenga maisha kwa njia hiyo. Lakini jiulizeni nani atapokea simu ya mpangaji anayelalamika paa linavuja wakati mume yuko baharini na wewe uko jimbo lingine na watoto. Ni wewe. Kwa hiyo hoja yangu haibadiliki kwa sababu nyumba ni yenu. Inazidi uzito, kwa sababu mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa hati ya uhamisho, ila deni la benki halivunjiki kwa hati hiyo. Mimi ningenunua kama mambo haya yanakutana: mna akiba ya miezi kadhaa nje ya malipo ya nyumba, kodi ambayo mpangaji angelipa mtaani hapo inatosha kubeba mkopo, bima na matengenezo, na ninyi wenyewe mngeridhika kurudi kuishi hapo siku moja. Likikosekana moja, pangeni mwaka wa kwanza.

Sasa maji. Kituo cha majini cha Norfolk na mji wa Hampton vimetenganishwa na bahari, na njia ya kuvuka ni daraja lenye handaki ambalo foleni yake imezoeleka kiasi kwamba watu hupanga maisha kwa kuifuata. Mumeo akiwa melini, foleni hiyo si yake tena, ni yako kila mnapokwenda kambini: duka la kambi, ofisi za kituo, mikutano ya familia za meli. Siku ya kutafuta nyumba usivuke saa nne asubuhi njia ikiwa nyeupe. Vuka saa kumi na moja jioni siku ya kazi, watoto wakiwa nyuma ya gari na njaa zao, halafu uamue.

Na eneo lote lile liko chini, karibu na usawa wa bahari. Ipo mitaa ambayo maji ya bamvua huingia barabarani hata bila mvua. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi uharibifu wa mafuriko. Bima ya mafuriko ya mpango wa taifa hununuliwa peke yake, na kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30, ingawa inayonunuliwa pamoja na mkopo wa nyumba haina kusubiri huko. Ramani za mafuriko za serikali ziko wazi kwa kila mtu: weka anwani ya nyumba hiyo, uone iko ukanda gani, kisha omba bei ya bima hiyo kabla hujatoa ofa, uijumlishe kwenye ile dola 1,799. Hata ukiamua kupanga, vitu vyako vya ndani havilindwi na bima ya mwenye nyumba, kwa hiyo uliza yaleyale.

Ukiwa huko, kabla hujamrudia dalali, nenda mtaani ule jioni, gari uliache mbali kidogo, utembee kwa miguu. Salimia walio nje. Waulize maji yalifika wapi mara ya mwisho, na uangalie wanaonyesha kidole kwenye ngazi ya ngapi.